Ndoo ya Maji Kwanza, Kiberiti Baadaye

Wapenzi wa kupiga kambi porini, mbali na viwanja rasmi, hawakosi kubishana kuhusu moto. Upande mmoja unasema kambi isiyo na moto ni hema lililosimamishwa gizani, basi. Upande wa pili unataka moto wa kuni upigwe marufuku kila mahali, mwaka mzima, na watu wabebe majiko ya gesi. Pande zote mbili zinatazama ndimi za moto, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Mwali unaonekana, unaogopwa, unachungwa. Madhara mengi hutokana na kisichoonekana: joto lililozama ardhini chini ya makaa, na kaa lililoachwa na mtu aliyeamini kwamba limekufa.

Ndiyo maana uamuzi wa kuwasha moto porini haupaswi kuanza na kuni, wala na kiberiti. Unaanza na udongo ulio chini ya miguu yako na maji uliyo nayo ya kuuzimia. Kimoja kikikosekana, hakuna moto usiku huo, hata kama kuni kavu zimejaa tele na sheria inaruhusu.

Kulala na kuwasha ni ruhusa mbili

Nchi zenye mila ndefu ya kuwaacha watu watembee na kulala kwenye ardhi isiyo yao zimelijua hili zamani. Finland inaruhusu mtu yeyote kupiga kambi kwa muda mfupi bila kumwomba mwenye ardhi, lakini moto wa wazi unahitaji ruhusa yake; jiko dogo la kambi halihesabiwi humo. Norway imekataza moto wa wazi msituni na kando ya msitu kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba, isipokuwa mahali ambapo ni dhahiri kwamba hauwezi kuenea. Uswidi haitaki moto juu ya mwamba mtupu, kwa sababu joto huupasua na jeraha lake haliponi. Huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Mei 2025 kwamba umma una haki ya kulala kwenye mahema katika maeneo yake ya wazi. Moto wa wazi umebaki marufuku hukohuko.

Wanaolalamika kwamba haki ya kulala bila haki ya kuota moto ni haki nusu wanachanganya vitu viwili vyenye uzito tofauti. Hema la usiku mmoja hulaza nyasi, nazo huinuka baada ya siku chache. Moto uliowashwa mahali pabaya huua mizizi na mbegu chini yake, maana mizizi mingi haistahimili udongo uliofika nyuzi 60 za Selsiasi, na kovu lake hudumu miaka. Anayelala anaazima ardhi. Anayewasha anatumia sehemu yake, na mwenyewe hayupo kuulizwa.

Hata hivyo sheria ya kalenda ina udhaifu wake. Ikisemwa kwamba hatari inaisha Septemba 15, mtu huona 16 kama siku ya ruhusa, ilhali nyasi hazisomi tarehe. Wiki mbili za upepo mkavu nje ya msimu uliotajwa zinaunguza vilevile. Sehemu bora zaidi ya sheria ya Norway ni ile isipokuwa yake: inamlazimisha mtu kutazama mahali alipo na kubeba lawama ya alichokiona.

Kinachoungua chini ya moto wako

Chimba kwa kijiti kabla ya kuokota ukuni hata mmoja. Sentimita 15 zinatosha. Ukitoa mchanga, changarawe au mfinyanzi, uko juu ya udongo usioungua. Ukitoa kitu cheusi au cha kahawia, chepesi, chenye nyuzinyuzi, kinachobonyea na kurudi kama sifongo, hiyo ni mboji: mimea iliyorundikana karne kwa karne bila kuoza kikamilifu. Mboji ikikauka ni kuni, tena kuni zilizoenea chini ya bonde zima.

Kati ya hizo kuna hali inayodanganya zaidi. Juu ni majani makavu, chini yake zulia la mizizi myembamba, na chini zaidi udongo mzuri. Watu hufagia majani, wakiona weusi wanaridhika, kumbe bado wamesimama juu ya mizizi. Mzizi mkavu hufanya kazi ya utambi. Kaa likiugusa, moto huufuata polepole ardhini na unaweza kuibuka mita kadhaa kutoka pale ulipowashwa, siku kadhaa baada ya kambi kuvunjwa.

Moto wa mboji hauna mwali, unafukuta. Aliyewahi kuona lundo la pumba likiungua kutwa bila ulimi wa moto, moshi mwembamba tu ukipenya juu, anaujua mwenendo huo. Unaishi kwa hewa kidogo kuliko inayohitajiwa na mwali. Unasonga kwa sentimita chache kwa saa, pengine pungufu. Mvua ya kawaida huulowesha mgongo na kuuacha tumbo likiendelea kuungua. Mioto ya Indonesia ya 1997 na 2015 ilikuwa migumu kuzimwa kwa sababu hiyo: ilizama ndani ya mboji iliyokuwa imekaushwa kwa mifereji. Alaska, Kanada na Siberia, iko mioto iliyovuka majira yote ya baridi chini ya theluji na kuamka tena theluji ilipoyeyuka. Basi mtu anayesema “nililala pale na asubuhi hapakuwa na moshi” hajasema chochote kuhusu ardhi ya mboji.

Mahali bora porini ni ukingo wa changarawe kando ya mto, chini ya alama ya maji ya mafuriko. Hakuna mizizi, maji yapo hatua tano mbele, na mto ukijaa utafagia mabaki yote. Hapo ni pa moto tu. Hema likae juu zaidi, kwa sababu mto huohuo unaweza kupanda usiku kwa mvua iliyonyesha mbali. Palipo na mahali palipokwishatumika kwa moto, tumia papo hapo badala ya kufungua kovu jipya.

Pasipo na changarawe, njia inayofundishwa ni kujenga kichuguu: tandika turubai, mwaga juu yake udongo wa mchanga au mfinyanzi, uutandaze kwa upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10, kisha washa juu yake. Ni njia nzuri, na karibu kila mtu anaikosea kwa sababu hafanyi hesabu. Kichuguu cha vipimo hivyo ni lita 28 za udongo, yaani kilo 40 na ushei. Ni ndoo tatu za lita 10, zilizochotwa mahali ambapo kuchota hakuharibu kitu, kwa mfano shimo la mti uliong’olewa na upepo, na zitarudishwa kesho yake. Mtu aliyechoka jioni huleta ndoo moja, akapata sentimita tatu, na joto linapita kama vile hapana kitu. Ikiwa huna nguvu ya ndoo tatu, usijidanganye kwa moja.

Sinia la chuma lenye kingo, lililoinuliwa juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini na kutandikwa udongo wa sentimita mbili au tatu ndani, linafanya kazi hiyohiyo kwa jasho kidogo sana. Kwa wanaosafiri kwa mtumbwi au baiskeli, uzito wake si hoja. Kwa mtembea kwa miguu, ukweli ni kwamba jiko la gesi ni jepesi kuliko sinia, na hapo hesabu inajijibu yenyewe.

Kuhusu duara la mawe, ambalo kila picha ya kambi inalo: halizuii cheche, halizuii joto kushuka chini, na linaficha makaa pembezoni pale ambapo mkono hauyafikii wakati wa kuzima. Mawe yaliyotolewa mtoni ni hatari zaidi. Maji yaliyonaswa ndani ya nyufa zake yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya awali, na jiwe likikosa pa kuupitishia hupasuka na kurusha vigae. Mawe matatu ya kutegemea sufuria yanatosha, yaokotwe mahali pakavu.

Shimo lenye tundu la hewa pembeni nalo limekuwa maarufu mno kwenye video. Mashimo mawili ya kina cha sentimita 30 yaliyounganishwa kwa njia ya chini: moto unawaka katika moja, hewa inaingia kwa jingine. Kwenye mfinyanzi mzito usio na mizizi hutoa joto kali na moshi kidogo, na upepo hauupati. Kwenye mboji au mizizi ni sawa na kupeleka kiberiti moja kwa moja kwenye ghala la kuni. Isitoshe, wengi humaliza kwa kufukia makaa ndani ya shimo, kosa tutakalolieleza mbele.

Mvua inayodanganya

Wanaotathmini hatari ya moto wa msituni huigawa mimea iliyokufa kwa muda unaohitajika kukauka au kulowa. Nyasi na vijiti vya unene chini ya milimita 6 hufuata hali ya hewa ndani ya saa moja hivi. Vya milimita 6 hadi 25 huchukua kama saa 10. Matawi ya milimita 25 hadi 75 huchukua saa 100 hivi.

Ichukue hesabu hiyo uiweke kwenye siku moja ya kambi. Mvua imenyesha siku mbili, ikakoma asubuhi. Mchana limetoka jua na upepo kidogo. Jioni unaokota matawi, yamelowa, hayawaki. Unapuliza, unaongeza vijiti, unachochea mwali mkubwa ili ukaushe hayo manene. Mazingira yanaonekana salama, maana si yamenyeshewa? Lakini nyasi zinazokuzunguka zimekauka tangu saa tisa alasiri. Umejenga moto mkubwa kuliko wa kawaida, unaorusha cheche kuliko kawaida, katikati ya nyasi zilizo tayari. Mvua ya jana haipimwi kwa ulowevu wa kuni zako. Kunja nyasi kavu mkononi, zikivunjika kwa sauti badala ya kupinda, ichukulie kwamba mvua haikunyesha.

Upepo nao una ratiba yake. Katika mabonde yenye milima, mchana hewa yenye joto hupanda mteremko, na jua likizama hewa iliyopoa huanza kushuka. Mgeuko huo hutokea saa ileile watu wanapowasha moto. Hema lililokuwa upande wa juu ya upepo saa kumi na moja jioni linakuwa upande wa chini saa mbili usiku, na kitambaa cha nailoni hutobolewa na cheche moja. Umbali wa mita 5 kati ya moto na hema ndiyo kima cha chini. Palipo na nafasi, weka 10. Safisha eneo la mita moja na nusu kuzunguka moto hadi kwenye udongo, na pasiwe na tawi linaloning’inia juu yake chini ya mita 3.

Upepo ukifikia kiwango ambacho vumbi linainuka na vitawi vinatikisika bila kutulia, hiyo ni namba 4 kwenye kipimo cha Beaufort, kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Usiwashe. Kama umekwisha washa, zima. Mteremko unahesabika vilevile: kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka karibu maradufu, kwa sababu mwali unakausha na kupasha mimea iliyo juu yake kabla haujaifikia. Moto wa kambi chini ya kilima chenye nyasi ndefu ni kosa hata siku isiyo na upepo.

Kuni kidogo kuliko unavyodhani

Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 huhitaji takriban kilojuli 335 ili ichemke. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa na hewa hutoa megajuli 15 hivi, yaani kilojuli 15,000. Moto wa wazi hupoteza kama asilimia 90 ya joto hilo kwa hewa, mawe na nyota, na hata kwa ubadhirifu huo gramu 220 za kuni zinachemsha lita moja. Chakula cha watu wawili na birika la baadaye havizidi kilo moja ya kuni. Hiyo ni mikono miwili iliyojaa vijiti vya unene wa kidole gumba, na moto wenye upana wa sahani.

Gogo la unene wa paja halina kazi kambini. Haliungui likaisha usiku huo, linaachwa likiwa kijinga kilichoungua nusu, na ndani yake kaa linaendelea kuishi wakati nje ni majivu baridi. Kanuni inayofaa ni hii: kuni iwe imekufa, imelala chini, haizidi unene wa kifundo cha mkono, na inavunjika kwa mkono. Shoka na msumeno vibaki nyumbani. Si kwa sababu za urembo tu. Mti uliokufa ukiwa umesimama ni nyumba ya ndege na wadudu, na kuni zinazohitaji msumeno ndizo zisizoungua zikaisha.

Okota mbali na kambi, kidogo hapa kidogo pale, dakika tano za kutembea. Sehemu zinazopendwa na wapiga kambi hutambulika hata bila jivu: miti yote imenyofolewa matawi hadi urefu wa mkono unaofika, na ardhi imekwanguliwa. Kubeba kuni kutoka mbali nako kuna ubaya wake. Marekani, mdudu mdogo wa kijani anayetoboa miti ya kule iitwayo ash kwa Kiingereza, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, amesambaa kwa sehemu kubwa kupitia kuni zilizosafirishwa kwenye magari, na ameua miti kwa mamilioni. Tumia za hapohapo au usitumie.

Kuwasha kwenyewe ni kazi fupi ikiwa maandalizi yamekamilika. Panga mafungu matatu kabla ya kiberiti: viwashio vya unene wa njiti (maganda makavu, nyasi, vinyoleo ulivyochonga kutoka moyo wa kijiti), vijiti vya unene wa penseli, na vya unene wa kidole gumba. Kila fungu liwe maradufu ya unavyofikiri. Ukuni mbichi hubeba karibu nusu ya uzito wake kama maji, na kila kilo ya maji hayo hula megajuli 2.26 ili igeuke mvuke, ndiyo maana unafuka moshi badala ya kuwaka. Kuni ikipinda, iache. Ikivunjika kwa mlio, ilete. Wengi hushindwa kwa kukimbilia kuni nene mapema, au kwa kushindilia vijiti hadi hewa ikose njia. Moto unataka nafasi ya unene wa kijiti kati ya kijiti na kijiti. Petroli usiiguse. Mvuke wake hutambaa chini na kulipuka kabla mwali haujafika pale ulipokusudia.

Takataka hazichomwi. Karatasi za bati la alumini haziungui. Zikipata joto kali zinayeyuka na kubaki vidonge vya chuma ndani ya majivu, na plastiki inageuka moshi wa sumu juu ya sufuria yako.

Kuzima ni nusu ya kazi

Dawa ya moto ni moto, wanasema wahenga, lakini porini dawa yake ni maji, na mchanga si mbadala wake. Hapa ndipo watu wenye nia njema wanapokosea kuliko wote. Mchanga huzima mwali kwa kuunyima hewa, halafu huyafunika makaa na kuyatunzia joto kama blanketi. Juu pameonekana safi, hapana moshi wala wekundu. Saa kadhaa baadaye bado pana joto la kuunguza nyayo, na waathirika wakubwa ni watoto wanaokimbia asubuhi juu ya sehemu ambayo hakuna alama yoyote ya kuwaonya. Upepo ukifukua, kaa linapata hewa na linaanza upya.

Namna sahihi inaanza kabla ya maji. Dakika 45 hadi 60 kabla ya kulala au kuondoka, acha kuongeza kuni. Sukuma ncha za vijiti katikati ili kila kitu kiungue hadi majivu meupe. Kisha yatandaze makaa kwa kijiti, yasibaki lundo. Mwaga maji polepole, ukianza pembezoni kuelekea katikati. Ukimwaga kwa kishindo, mvuke na majivu vitakurukia usoni na makaa yatatawanyika. Koroga hadi upate uji. Mwaga tena. Geuza kila jiwe na ulimwagie chini. Koroga ukienda chini hadi kwenye udongo mbichi, kwa sababu joto limeshuka huko.

Baadaye sikiliza. Ukisikia mlio wa “shii” au wa kuchemka, bado. Kukiwa kimya, pitisha nyuma ya kiganja karibu na uji huo, na pasipo joto ingiza vidole ndani. Panapokuwa baridi kila mahali, hadi kina cha sentimita 10, moto umezimika. Kama mkono hauwezi kukaa, moto hauwezi kuachwa.

Maji kiasi gani? Kwa hesabu ya kwenye karatasi, lita moja inayopashwa na kugeuka mvuke hubeba megajuli 2.6, zaidi ya joto lililobaki kwenye kilo mbili za makaa. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya maji hukimbia pembeni au kuzama bila kugusa kaa, na udongo uliopashwa kwa saa tatu una joto lake. Kiwango cha busara ni lita 10 kwa moto wa upana wa sahani na 20 kwa mkubwa zaidi, na ziwe zimesimama kando ya moto kabla haujawashwa. Si mtoni, si “nitakwenda kuchota”. Ndoo ya kukunja ya lita 10 ina uzito mdogo kuliko shati. Kambi iliyo kwenye mgongo wa mlima, kila mmoja akiwa na lita mbili za kunywa, haina moto. Haina, hata kama baridi ni kali.

Agosti 2013, moto haramu wa kambi katika msitu wa taifa wa Stanislaus, California, ulimtoroka mwindaji aliyeuwasha, ukaingia hadi ndani ya hifadhi ya Yosemite na kuunguza zaidi ya hekta 100,000. Ulianza kama mingine yote, ukiwa mdogo.

Majibu kwa watetezi wa pande zote

Hoja ya joto ni dhaifu kuliko inavyosikika. Moto hupasha uso na magoti huku mgongo ukiganda, na unakoma mara unapoingia kulala. Kinachomlinda mtu usiku ni kinachomtenga na ardhi chini yake, kisha begi la kulalia lenye kiwango kinachofaa, kisha nguo kavu. Aliyetegemea moto kufidia begi jepesi atalazimika kuuchochea usiku kucha, akiwa na usingizi, na hapo ndipo ajali hutokea.

Kibaya kuliko vyote ni kuhamishia makaa hemani ndani ya sufuria au bati “kwa joto kidogo”. Makaa yasiyo na mwali wala moshi hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayong’ang’ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma na usingizi, yaani mambo ambayo mtu aliyetembea kutwa anayatarajia, kwa hiyo hashtuki. Kila mara watu hufa hivi, na mlango wa hema ulioachwa wazi kidogo hauwi kinga. Jiko la gesi ndani ya hema lina hatari hiyohiyo.

Hoja ya wanyama nayo ipunguzwe chumvi. Moto si uzio. Wanyama wengine huukwepa, wengine huvutwa na harufu ya chakula kilichomwagikia ndani yake. Chakula kilichohifadhiwa mbali na hema kina faida kuliko mwali.

Hoja moja ya wapenda moto ina mashiko. Mtu aliyenyeshewa, akiwa mbali na barabara, anaweza kuokolewa na moto, na ustadi huo haujifunzwi siku ya dharura. Ni kweli, na ndiyo sababu marufuku ya kila mahali na kila siku haina busara: inazalisha watu wasiojua kuwasha wala, kibaya zaidi, kuzima. Mazoezi yafanyike kwenye changarawe, siku yenye unyevu, moto wa ukubwa wa kiganja, na robo tatu ya muda itumike kwenye kuuzima.

Wanaosema jiko la gesi linamaliza tatizo nao wakumbushwe Torres del Paine, kusini mwa Chile. Februari 2005 jiko la kambi la mtalii lilipinduka kwenye nyasi kavu, mahali pasiporuhusiwa kupigwa kambi, siku ya upepo. Ziliungua zaidi ya hekta 10,000. Jiko linapunguza muda wa hatari na kuondoa makaa, jambo kubwa. Haliondoi upepo, wala nyasi, wala mguu unaojikwaa gizani. Nalo liwekwe juu ya jiwe bapa au udongo mtupu, maji yakiwa kando.

Mamlaka zinazosimamia maeneo haya zingefanya vyema kubadilisha ubao wa tahadhari. “Moto marufuku” peke yake humfundisha mtu kujificha, na moto wa kujificha huwashwa gizani, kwenye kichaka, na kufukiwa haraka. Palipo na mboji, marufuku iwe kamili na sababu iandikwe: ardhi hii inaungua. Palipo na changarawe, masharti yawe ya kupimika, yaani upana wa moto, lita za maji, kasi ya upepo, ili mlinzi akifika aweze kukagua kwa macho na mkono badala ya kubishana na mtu kuhusu nia yake.

Asubuhi, kabla ya kufunga mizigo, sehemu ya moto ikaguliwe tena hata kama usiku ilikuwa baridi. Vipande vya mkaa vinasagwa kwa jiwe hadi unga, majivu yaliyolowa yanatawanywa mbali na maji na njia, udongo wa kichuguu unarudishwa shimoni ulikotoka, na kuni zilizobaki zinarudishwa msituni zikiwa zimetawanyika, si rundo la kumwalika mwingine. Kipande kimoja kikipatikana kina joto, mizigo inashushwa na ndoo inarudi mtoni.